Mtoto wa Jicho wa Mukecuru wa Nkombo

Ninyi mnaosomea uuguzi mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, nami nimekubali kwa sababu moja tu. Juzi nilikwenda kupimwa presha, na kijana mmoja wa rika lenu, msafi, koti lake limepigwa pasi mpaka linakata, akaniambia, "Maman, uko na ipertansio arteriele." Nikamwuliza ndiyo nini hiyo. Akanijibu kwa upole, "Ni tansio, Maman, lakini arteriele." Nikamshukuru, nikaenda zangu. Niliingia nikiwa sielewi neno moja, nikatoka sielewi mawili.

Kwa hiyo sindano na dripu mtafundishwa na wengine. Mimi nitawaambia habari za maneno.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, ingawa kwenye karatasi niliandikwa mfagiaji. Ilikuwa katika hospitali moja ya huku kwetu ambayo sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya niliogombana nao bado wako hai na wanapita mbele ya mlango wangu. Nilizaliwa Kamembe, mji wa mpakani na Congo, katika nyumba ya Waislamu mafundi cherehani, na Kiswahili ndicho kilichotulea. Kinyarwanda nilikiokota barabarani, Kifaransa nilikipata shuleni mpaka darasa la nane, na Kimashi nilijifunza kwa akina mama wa Bukavu waliovuka daraja la Rusizi kuja kuuza vitenge, maana hupunguziwi bei na mtu kwa lugha isiyo yake.

Siku moja, miaka ile ya baada ya vita, nilikuwa nafagia ukumbi wa macho. Daktari alikuwa akijaribu kumwambia mama mmoja wa Bukavu asikune jicho. Akasema kwa Kifaransa, akasema kwa mikono, akajikuna jicho lake mwenyewe kisha akatikisa kichwa. Yule mama akadhani daktari ni mgonjwa pia, akampa pole. Nikaegemea fagio nikamwambia yule mama kwa Kimashi kile alichokuwa akiambiwa. Daktari akanitazama, akalitazama fagio, akasema, "Hilo weka chini."

Daktari huyo alikuwa Mtogo, jina lake Anani, mrefu, mwenye kipara na sauti ndogo. Alipenda asili ya maneno kuliko chakula. Alikuwa na kamusi nene ya Kifaransa ambayo jalada lake lilikuwa limefungwa kwa plasta ya hospitali, na kila neno la ugonjwa alilichimba mpaka afike kwenye mizizi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na mengi alinifundisha kwa kukosea yeye mwenyewe.

Mfano ni ule wa mke wa mchungaji. Kuna dawa za macho ambazo hazifai kwa mjamzito, kwa hiyo ilibidi kuuliza kwanza. Siku hiyo Daktari Anani aliamua kuuliza mwenyewe, kwa Kinyarwanda alichokuwa amejifunza wiki ile. Inda kwa Kinyarwanda ni tumbo, na pia ni mimba. Lakini ukikosea kidogo tu kupandisha sauti na kuishusha, inda ni chawa. Basi daktari akainama kwa heshima akamwuliza mke wa mchungaji mbele ya benchi zima kama ana chawa. Yule mama alifungua kitambaa chake cha kichwani, akamsogezea kichwa, akasema, "Irebere wowe ubwawe," yaani jitazamie mwenyewe. Na daktari, akidhani ndiyo desturi ya huku, akakitazama kichwa kile kwa makini kwa tochi yake, akasema kwa Kifaransa kwamba haoni tatizo.

Nilipomweleza baadaye aliketi chini. Akasema lugha ya kwao nayo hupanda na kushuka hivyo hivyo, na kwamba mama yake angesikia angemchapa. Tangu siku hiyo kila swali la inda lilikuwa langu.

Msidhani mimi nilikuwa bora. Mfanyabiashara mmoja wa Kigoma alikuja na jicho jekundu linalochuruzika. Nikamwambia, "Keti hapo, kaka, mganga atakuona sasa hivi." Huku kwetu muganga ni mtu mwenye diploma yake ukutani. Yule bwana akasimama, akachukua kofia yake. "Dada," akasema, "waganga nimewaacha Kigoma, na wamekwisha kula mbuzi wangu wawili. Hapa nimekuja kutafuta daktari." Nikamkimbilia mpaka langoni nikiita, "Daktari, daktari," na Daktari Anani naye akatoka mbio akifikiri kuna mtu amezimia. Neno ni moja, limetoka kwenye kuganga, ambako ni kutibu, lakini kila mji umelivalisha nguo yake. Daktari nalo, aliniambia Anani, ukilifuata mpaka kwao ni mtu anayefundisha. Nikamwambia basi wengi wenu mmeacha kazi.

Malaria nayo ilinichekesha. Daktari aliniambia kwamba ni Kitaliano, hewa mbaya, na hii palu, jina letu la kila siku la malaria, imetoka kwenye neno la zamani la kinamasi, kwa sababu watu wa kale walidhani homa inatoka kwenye harufu ya maji yaliyolala. Nikaenda kumweleza mzee mmoja wa Bugarama, kule chini kwenye mpunga, mbu wanakotembea kama wenye nyumba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hewa ya Bugarama haiko mubaya. Iko moto tu. Mubaya njo mbu." Daktari aliliandika jibu hilo pembeni mwa kamusi yake, akaweka na jina la mzee.

Na haya tunayoyaona yetu nayo yamesafiri. Homa na dawa yametoka kwa Waarabu, hayo nilifundishwa chuoni, yaani madrasa, nikiwa mdogo. Safura, ule ugonjwa wa kupauka na kukosa nguvu, kwao ni umanjano. Nilimwambia Daktari Anani, akafurahi kama aliyepewa kuku.

Sasa shikeni haya mawili, ndiyo mshahara wangu wote. La kwanza: kabla hujamwambia mgonjwa jina la ugonjwa, mwulize yeye anauitaje, na mwache aonyeshe kwa mkono. Mtu wa Bukavu akikuambia roho inamuuma, usikimbilie sheikh wala padri. Roho kwake ni huu moyo unaodunda.

La pili nililipata kwa aibu. Daktari alimwambia mzee mmoja maneno mawili ya Kifaransa: usiloweshe jicho. Mimi nikasema na yule mzee muda mrefu. Nilimwambia asiloweshe jicho, asikaribie moshi, amheshimu mkewe aliyemleta kwa miguu kutoka Nyakarenzo, na aache pombe. Daktari akangoja. Nilipomaliza akaniuliza, "Maneno yangu mawili yamezaa watoto wangapi?" Kisha akanipa sheria: usiongeze, usipunguze, wala usibebe neno ambalo hukutumwa. Ulimi hauna mfupa, wanangu, lakini wa mfasiri unapaswa kuwa na japo kijiti.

Ile ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wamerudi kutoka Congo kwa makundi, na ng'ambo ya mto vita vilikuwa vimeanza tena. Siku nyingine madirisha yalitetemeka kwa mizinga ya upande wa pili, na Daktari Anani alikuwa akiinua mkono wake kutoka kwenye jicho la mgonjwa, akingoja kioo kinyamaze, kisha akaendelea. Kwenye benchi moja ungemkuta asiyewahi kuondoka, aliyezaliwa Congo akarudi na Kiswahili cha huko, na Mkongomani aliyekimbilia kwetu. Lugha zilikuwa tano, na macho yalikuwa mabovu kwa namna ile ile.

Wakati wa chakula daktari alikuwa akinichorea jicho kwenye karatasi. Kioo cha mbele, akasema, jina lake limetoka kwenye pembe, pembe ya ng'ombe. Ile duara yenye rangi ni upinde wa mvua. Kule nyuma kuna wavu. Na hii lenzi ya katikati jina lake ni dengu, kwa sababu imekaa kama punje ya dengu. Nikamwambia, Daktari, hili si jicho, ni soko la Kamembe.

Kisha akaweka kalamu kwenye kile kidoa cheusi cha katikati. Hiki, akasema, kwa Kifaransa ni pupille, na maana yake ya zamani ni kisichana, au mwanasesere, kwa kuwa ukimtazama mtu machoni unajiona humo mdogo. Akaongeza kwamba neno hilo hilo ni la mtoto asiye na wazazi aliyewekwa chini ya ulezi wa watu. Hapo hatukucheka. Watoto wa namna hiyo walijaa mji mzima mwaka ule.

Nami nikampa langu. Kidoa hicho kwa Kiswahili ni mboni, kwa Kinyarwanda imboni. Wanyarwanda kuona wanasema kubona. Sisi Waswahili b tuliiangusha njiani, tunasema kuona tu, lakini ndani ya jicho imebaki. Daktari akasimama, akazunguka meza, akaketi tena. Akasema hiyo haimo kwenye kamusi yoyote aliyoiona.

Ugonjwa tuliopasua zaidi ulikuwa ule wa jicho kuwa jeupe katikati. Kifaransa chake ni sawa na maporomoko ya maji, kwa sababu wa kale walidhani kuna maji yanayoanguka kutoka kichwani. Wanyarwanda wanauita ishaza, punje ya njegere. Na mimi, mwalimu wangu wa chuoni alikuwa mtu wa Ujiji, alinifundisha kuuita mtoto wa jicho. Nilikipenda Kiswahili hicho. Katika Kamembe nzima nilijiona mimi peke yangu ninakijua, na hapo ndipo ujuaji uliponiponza.

Aliletwa mukecuru mmoja kutoka Nkombo, kile kisiwa cha wavua sambaza, dagaa wa ziwani. Mukecuru ni bibi kizee, nalo ni jina la heshima. Huyu aliitwa Venansia, mfupi, mnene, uso mpana kama sinia, macho yote mawili yamekuwa meupe. Alishika bega la msichana wa miaka kumi na moja hivi, mrefu, mwembamba, aliyeitwa Klodina. Huyo ni mjukuu wangu, akasema, alirudi kutoka Congo na watoto wengine walioandikwa kwenye orodha. Wazazi wake walibaki huko. Alinikuta, akasema bibi, mimi tayari sioni.

Daktari akapima, akasema kwa Kifaransa kwamba atampasua jicho la kulia na ataona. Mimi nikajiweka sawa nikatoa Kiswahili changu cha Ujiji.

"Mukecuru, uko na mutoto wa jicho. Muganga atamutoa."

"Mutoto gani?"

"Mutoto wa jicho. Ule mweupe wa katikati."

"Akimutoa, atamupeleka wapi?"

"Atamutupa tu, Mukecuru."

Venansia akasimama, akapapasa mpaka akalipata bega la msichana. "Miye mutoto wangu hapana kutupwa," akasema. "Klodina, twende."

Daktari akaniuliza kumetokea nini. Nikamwambia nimemwambia tutamtupia mtoto. Aliweka tochi yake mezani polepole. "Kwa Kifaransa ulikuwa na maji," akasema. "Kwa Kinyarwanda ulikuwa na njegere. Ukachagua mtoto?" Iliniuma, kwa sababu jicho lile lilikuwa la kupona, na Daktari Anani alikuwa amebakiza wiki tatu arudi kwao. Mpasuaji mwingine wa macho hakuwapo karibu, na upande wa Bukavu njia ilikuwa ikifunguliwa leo ikifungwa kesho. Asipopasuliwa katika wiki hizo tatu angekufa kipofu kwa sababu ya neno langu moja.

Siku kumi baadaye msichana akamleta tena. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikamwambia Venansia kwamba si mtoto, nilikosea, ni ishaza, punje ya njegere tu.

"Njegere nimekula tangu niko mudogo," akasema. "Hazikunifanya kitu. Acha hii moja ikae."

Nikamweleza habari ya dengu: kwamba kila mtu ana dengu moja ndani ya jicho, kwamba yake imeharibika, na daktari ataitoa aweke nyingine ya plastiki.

"Sasa munataka kunilimia shamba mu jicho," akasema. "Na mbolea nani ataleta?"

Watu wa benchini walicheka mpaka wakashikana, na yeye akacheka nao. Hapo ningepaswa kushtuka. Asiyeelewa neno hulikimbia, halichezei. Lakini mimi nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu, nikawa natafuta neno lingine.

Wakati Venansia anaagana na watu langoni, msichana akarudi ndani peke yake.

"Maman Zuhura," akaniita kwa jina la binti yangu, "mukimupasua, ataona sura yangu?"

"Ataona mpaka vipele."

Akafikiri. "Basi atajua."

Nikamkalisha kwenye kiti cha daktari, akaniambia. Hakuwa Klodina. Klodina alikuwa rafiki yake wa njiani, walitembea pamoja kwenye misitu ya mbali kupita Bukavu, na kila walipopumzika Klodina alimsimulia habari za bibi yake, nyumba yake, kuku wake, njia ya kutoka majini mpaka mlangoni. Klodina alibaki njiani kwa kuhara. Huyu alipofikishwa kwa wanaoandika orodha, akaulizwa wa kwao ni nani, hakuwa na jina la mtu yeyote aliye hai isipokuwa hilo. Akalitoa. Jina lake mwenyewe aliniambia, ila si langu la kuliandika hapa.

"Usimuambie," akasema. "Lakini umuambie akubali kupasuliwa. Anajichomaka na moto kila siku. Jana amechoma mukono tena."

"Na akishaona?"

Akainua mabega. "Atakuwa anaona."

Nimewaambia mambo mengi ya kuchekesha, na haya nayo lazima niwaambie: niliingia stoo ya mashuka nikalia, kisha nikanawa uso, nikarudi kazini.

Siku ya mapumziko yangu nikapanda mtumbwi kwenda Nkombo. Msichana alikuja kunipokea upande huu, akaketi mbele yangu ameshika ukingo kwa mikono miwili mpaka vidole vikawa vyeupe. Nami nilishika hivyo hivyo, kwa hiyo sikuona ajabu. Mtu wa Kamembe na maji wanasalimiana kwa mbali.

Venansia alikuwa ameketi nje ya nyumba, ungo wa maharage magotini, akichambua kwa vidole. Alimtuma msichana maji, akasikiliza nyayo zake mpaka zikapotea. Kisha akasema, bila kunikaribisha hata kiti, "Unafikiri sikuelewa neno lako."

"Mukecuru, nilisema vibaya. Nimekuja kuomba musamaha."

"Niliuza sambaza Bukavu miaka mingi kuliko weye umeolewa. Mutoto wa jicho nilimuelewa siku ile ile. Nilitafuta tu mulango ya kutokea, na weye ukanifungulia."

"Basi juu ya nini unakataa?"

Akaendelea kuchambua. "Mutoto wa Nkombo hashikake mutumbwi," akasema. "Klodina wangu alikuwa anasimama mu mutumbwi kama mutu mukubwa. Huyu anashika na mikono mbili, mutumbwi yote inainama. Nilisikia siku ya kwanza, siku balimuleta."

Nikaketi chini, karibu na ungo.

"Sasa miye sioni," akasema. "Mutu mwenye haone, bantu hawawezi kumuuliza: huyu ni wako? Lakini nikiona, bataniuliza. Niko mukristu, Maman Zuhura. Nitajibu nini? Nikisema hapana, batamurudisha mu kituo ya batoto. Alinipikia uji miezi yote ile. Alinikamata mukono mpaka kanisa. Macho nilishazoea kukosa."

Wanangu, hapo ndipo nilipoijua kazi yangu ni kazi gani. Nilikuwa na siri ya huyu kwenye shavu moja na siri ya yule kwenye shavu la pili. Ningezitema zote mbili pale pale mambo yangekwisha, na nilitamani sana. Lakini siri ya msichana sikutumwa kuipeleka. Nilitumwa neno moja tu, na nikaliangalia vizuri kabla ya kulitoa.

"Mukecuru," nikasema, "mutoto amenituma. Amesema ukubali kupasuliwa."

Vidole vyake vikasimama juu ya maharage. "Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Anajua kama nitamuona sura?"

"Anajua."

Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakizungusha kati ya vidole, akakitupa pembeni kwa kuku. Aliponiuliza sauti yake ilikuwa ya sokoni kabisa. "Huyo muganga wenu anapasuaka siku gani?"

Alipasuliwa wiki ya mwisho ya Daktari Anani. Alisali rozari yake yote akiwa amelala pale, na daktari hakumkataza, alisema rozari inafanya kichwa kisitikisike. Jicho la kulia likafungwa kwa pamba na plasta. Usiku ule msichana alilala naye wodini, kitanda kimoja.

Asubuhi nikaingia na daktari. Venansia alikuwa ameketi kitandani amevaa kitenge chake cha misa. Msichana alikuwa amesimama karibu na mlango. Chini ya kwapa alikuwa na kifurushi, kanga iliyofungwa fundo, na nilikitambua kwa ukubwa wake: zilikuwa nguo zake zote. Daktari hakuelewa, akamwambia asogee apate kuona vizuri. Nilimtafsiria. Hakusogea.

Plasta ikatoka, pamba ikatoka. Venansia akapepesa, machozi yakamtoka ya maji tu, akatazama dirisha. Akanigeukia mimi.

"Weye njo Maman Zuhura?"

"Njo miye, Mukecuru."

"Kwa sauti nilizania uko muzuri zaidi."

Hata muuguzi aliyeshika sinia la vifaa alicheka. Kisha Venansia akatazama mlangoni. Akamtazama msichana kutoka kwenye miguu, akapanda polepole mpaka magotini, akafika kwenye kile kifurushi, akakaa hapo muda, akapanda mpaka usoni. Msichana alikuwa amekaza midomo. Kama nilivyowaambia, alikuwa mrefu na mwembamba, shingo ndefu, uso mdogo. Ukiwaweka pamoja, huyu alikuwa muwa na yule alikuwa boga.

"Kuya hapa," bibi akasema.

Akaja. Venansia akamshika kidevu, akamgeuza uso upande wa dirisha, akamgeuza upande wa pili.

"Kumbe unanifanana," akasema. Akakichukua kile kifurushi, akakiweka nyuma ya mgongo wake, akakilalia.

Daktari Anani akaniuliza kwa Kifaransa amesema nini. Nikamwambia: amesema mtoto amefanana naye. Akamtazama bibi, akamtazama msichana, akanitazama mimi, akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo kama nina hakika nimetafsiri sawasawa.

Nikamwambia, "Neno kwa neno, Daktari."